Umechoka na tamthilia? Twende Isiolo

Msomaji mpenzi, huenda jambo hili limekupata nawe ingawa hujamwambia mtu. Nyumbani kwenu palikuwa na tamthilia moja ya televisheni iliyokuwa ikiinyamazisha nyumba nzima. Taarifa ya habari ya saa moja ilipoisha, ugali ulikuwa tayari mezani, watoto wamekwisha kuoga, na hata mgeni aliyebisha hodi wakati huo alionyeshwa kiti kwa kidole tu, akangoja matangazo ya biashara ndipo asalimiwe. Leo tamthilia ni ile ile, saa ni ile ile, na wewe umeketi pale pale. Lakini mara unajiona unakunja nguo, mara unajibu salamu katika simu. Binti yako akikuuliza, "Mama, huyu amefanya nini tena?" huna la kumjibu. Hukuona, na hukuona kwa sababu hujali.

Hukugombana na tamthilia hiyo, wala hukuapa kwamba hutaitazama tena. Hamu ilikutoka polepole kama maji katika mtungi wenye ufa, hata siku ulipokwenda kuchota ukakuta tone. Ajabu ni kwamba jambo dogo kama hili huwatia watu haya. Mtu amefuata kisa kwa miaka mitano, anajua majina ya wahusika kuliko ya majirani wa ghorofa yake, sasa aseme amechoka? Anaona ni kama kumtupa jamaa.

Leo nataka kukutoa haya hiyo, kisha nikupeleke safari.

Kwa nini hamu hutoka

Sisi Wakenya hatukuanza jana kupenda michezo ya mfululizo. Wazazi wetu walikua na Vitimbi na Vioja Mahakamani tangu zama ambapo Shirika la Utangazaji la Kenya lilikuwa likiitwa Sauti ya Kenya. Katika miaka ya tisini ikaja Tausi, na watu wakajua mambo ya jamaa za kwenye skrini kuliko ya jamaa zao. Karne hii ilipoingia, Citizen ikatuletea Papa Shirandula, Tahidi High, Inspekta Mwala na Mother-in-Law. Mwaka wa 2019 ikaja Maria, na baada yake Zora na Sultana. Katikati ya hayo yote tulikuwa tukiwalilia pia mabinti wa Mexico na Ufilipino ambao hatukuwahi kuwaona hata kwa ramani.

Ukiwauliza watu kwa nini waliacha, utasikia sababu tatu.

Ya kwanza ni kuondoka kwa waliotupendeza. Mzee Ojwang', yaani Benson Wanjau, alifariki Julai 2015. Charles Bukeko, aliyekuwa ndiye Papa Shirandula mwenyewe, alifariki tarehe 18 Julai 2020, na mchezo wake haukuweza kusimama bila yeye. Hapo hatusemi hamu imetoka; hapo ni matanga.

Ya pili ni kisa kuzunguka kama ng'ombe wa kinu. Siri inayojulikana na mtaa mzima isipokuwa mume mwenye nyumba. Mtoto aliyebadilishwa hospitalini. Mtu aliyezikwa leo na kurudi mwezi ujao akiwa na ndevu. Usimlaumu sana mwandishi. Tamthilia ndefu huishi kwa matangazo ya biashara, na maadamu matangazo yaja, mwandishi haruhusiwi kuimaliza. Basi hufunga fundo jipya kila anapofungua la zamani, na mtazamaji mwenye akili hutambua siku moja kwamba kamba hii haina mwisho.

Ya tatu ni kukatika kwa mazoea. Bila shaka unakumbuka Februari 2015, wakati wa mvutano wa kuhamia mitambo ya dijitali. Tarehe 14 mwezi huo NTV, KTN, Citizen na QTV zilizimika, zikakaa gizani karibu majuma matatu. Ziliporudi mapema Machi ziko nyumba zilizokimbilia viti, na ziko nyingine zilizogundua kwamba majuma matatu yamepita, hakuna aliyekufa, na watoto wamejifunza kucheza karata.

Sababu hizi tatu ni za kweli, lakini nadhani iko ya nne iliyo chini yao kama jiwe la msingi, nayo utaielewa vyema ukiwa mbali na sebule yako. Kwa hiyo funga mkoba, twende Isiolo. Nimeuchagua mji huo makusudi. Ni mji ambao umetazamwa na dunia kwa televisheni, na kwa sinema kabla yake. Kisha watazamaji wakachoka, wakazima, wakaenda zao. Mji ukabaki.

Kushuka kutoka baridini

Toka Nairobi hadi Isiolo ni kilomita zipatazo 285. Ukiondoka alfajiri utakula chakula cha mchana huko. Utapita Thika, Sagana na Karatina, kisha Naro Moru na Nanyuki ambako mstari wa Ikweta hupita. Mlima Kenya utakuwa mkono wako wa kuume, ukijionyesha asubuhi na kujifunika shuka la mawingu kabla ya adhuhuri. Ukifika Timau, kwenye mashamba makubwa ya ngano na maua, utatafuta sweta.

Hapo Subuiga barabara hugawanyika: ya kulia ni ya Meru, ya kushoto ni yako. Sasa anza kushuka. Ndani ya nusu saa utatoka penye baridi ya zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari hadi joto la mita 1,100 hivi. Masikio yataziba, sweta utaivua, na mbele yako nchi itafunguka tambarare, ya rangi ya ngozi ya ngamia, hata macho yakose pa kutua. Waambie watoto watazame. Picha hii haikatizwi na tangazo la sabuni.

Kwa miaka mingi hapa ndipo lami ilipokoma. Mtu aliyekuwa akielekea Marsabit au Moyale alisimama kwenye kizuizi cha polisi mjini, akangoja magari yakusanyike ili yaondoke kwa msafara na askari wenye bunduki, kisha akala vumbi na mawe kwa siku mbili, mara nyingine tatu, juu ya lori lililojaa mifugo. Wasafiri wa zamani walisema kwamba Kenya inaishia Isiolo. Leo sivyo. Lami ilisogea kwanza hadi Merille, na kufikia mwaka wa 2017 ilikuwa imefika Moyale mpakani, kilomita zipatazo 500. Safari ya siku tatu imekuwa ya kutwa moja.

Mji wa njia panda

Shuka garini, nyoosha miguu. Watu wa kwanza kukukaribia watakuwa wachuuzi wa bangili za shaba na jambia za kiasili, na hawatakuacha mpaka ununue au ucheke nao. Mbele kidogo utaona mnara wa msikiti, na kando ya barabara madumu ya manjano ya maziwa ya ngamia yakipakiwa katika mabasi. Wauzaji wake ni akina mama, na maziwa hayo yaliyokamwa alfajiri nyikani yatanywewa Eastleigh, Nairobi, usiku huo huo. Huku miraa inashuka kutoka milima ya Nyambene, maziwa yanapanda kwenda jijini. Ndiyo maana mji haulali.

Simama sokoni, ufunge macho, usikilize. Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru, vyote katika eneo moja lisilozidi uwanja wa mpira, na Kiswahili kikivishona pamoja kama uzi. Wasomali wengi wa hapa ni wajukuu wa askari waliopigania Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, wakapewa mahali pa kupumzika na mifugo yao. Waborana walitoka kaskazini wakifuata malisho ya mto Ewaso Nyiro. Serikali ya kikoloni iliweka hapa karantini ya mifugo, jeshi likaweka kambi zake, na mji ukaota katikati ya hayo kama mti kando ya kisima.

Ukiwa na mwanafunzi nawe, mwambie jambo hili. Pale Nairobi, karibu na Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, uko mtaa uitwao Wabera Street ambao watu hupita kila siku bila kuuliza. Daudi Dabasso Wabera alikuwa mkuu wa wilaya wa Isiolo. Aliuawa kwa risasi tarehe 28 Juni 1963 pamoja na Chifu Hajji Galma Dido, miezi michache tu kabla ya uhuru, wakati swali la kama kaskazini itabaki Kenya au itajiunga na Somalia lilipokuwa likiwaka moto. Mjini Isiolo iko wadi yenye jina lake.

Elsa na sehemu 13

Sasa tuingie katika habari za skrini. Msimamizi wa wanyamapori wa eneo lote hili la mpaka wa kaskazini alikuwa George Adamson, na makao yake yalikuwa Isiolo. Tarehe 1 Februari 1956 alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kisha akakuta watoto watatu waliobaki yatima. Mdogo wao, Elsa, alilelewa na Joy, mkewe George, hata akaweza kurudi mwituni na kuzaa. Joy aliandika kitabu mwaka wa 1960, na mwaka wa 1966 ikatoka sinema, Born Free, iliyoshinda tuzo mbili za Oscar kwa muziki wake. Dunia nzima ikampenda simba wa Isiolo.

Wenye biashara ya televisheni wakaona hapa pana fedha. Mwaka wa 1974 kituo cha NBC cha Marekani kikaanza kuonyesha mfululizo wa Born Free: George na Joy wa kuigizwa, simba, magari ya kijeshi yenye vumbi, kila juma taabu mpya na kila juma ikatatuliwa. Zilionyeshwa sehemu 13 tu. Kabla mwaka haujaisha mchezo ulikuwa umeondolewa. Watu wale wale waliolia katika sinema hawakuwa na hamu ya kumtazama simba yule kila juma.

Lakini George na Joy wa kweli hawakuondolewa. Waliendelea kuishi baada ya watazamaji kuzima. Joy aliuawa tarehe 3 Januari 1980 katika mbuga ya Shaba, mashariki ya barabara ya Archer's Post, alikokuwa akimlea chui. Kwanza ilisemwa kwamba ameliwa na simba, baadaye ikabainika kwamba aliyemuua ni binadamu. George naye aliuawa na majambazi huko Kora tarehe 20 Agosti 1989. Mambo mazito kabisa ya kisa hiki yalitukia wakati ambapo hapakuwa na mtazamaji hata mmoja mbele ya kiti.

Wamarekani 16 Shaba

Mbuga hiyo ya Shaba iko ndani ya kaunti ya Isiolo, pamoja na Buffalo Springs. Nenda ukaone punda milia wa Grevy mwenye mistari myembamba, twiga wa kaskazini ambaye ngozi yake ni kama kimia, choroa, na swala twiga anayesimama kwa miguu ya nyuma kula majani. Hawa hutawaona Nakuru.

Mwaka wa 2001 Shaba ilipata wageni wa ajabu zaidi. Kati ya Julai na Agosti waliletwa Wamarekani 16 kushiriki katika Survivor, kipindi cha mashindano kinachoonyeshwa kama tamthilia: watu wanakaa nyikani siku 39, wanapigiana kura ya kutoana, na anayebaki anapewa dola milioni moja. Walijenga boma la miiba, wakachota maji ya tope, wakasikiliza simba usiku. Kipindi kilionyeshwa Marekani kuanzia Oktoba mwaka huo hadi Januari 2002.

Waandaaji wa Survivor wanaujua vizuri ugonjwa tunaouzungumza. Kilipoanza mwaka wa 2000, fainali ya kwanza ilitazamwa na watu wapatao milioni 51. Ili hamu isitoke wakabuni dawa: kila msimu badilisha watu, badilisha nchi. Baada ya Shaba wakahamia visiwa vya Marquesas katika bahari ya Pasifiki. Kipindi kingalipo hadi leo, lakini umati ule wa kwanza haukurudi tena. Hata ukihamisha dunia nzima, jicho huchoka.

Fikiri pia juu ya majirani wa Shaba. Wageni walivumilia kiu siku 39, wakalipwa kwa uvumilivu wao. Mchungaji wa ng'ambo ya pili ya mto aliamka siku ya 40 akaenda kutafuta maji kama kawaida, na hakuna aliyempigia makofi.

Hata hivyo yuko mmoja katika wale 16 ambaye hamu haikumtoka. Mshindi wao, Ethan Zohn, alikuwa mcheza kandanda. Katika siku zile za mashindano alicheza mpira na watoto huko Wamba, katika eneo jirani la Samburu, watoto ambao maisha yao yalikuwa yameguswa na ukimwi. Mwaka wa 2002 yeye na wenzake walianzisha Grassroot Soccer, shirika linalotumia kandanda kuwafunza vijana kujikinga na ugonjwa huo. Shika jambo hili, tutalirudia.

Tamthilia yetu wenyewe

Usicheke Wamarekani peke yao, msomaji mpenzi. Sisi wa miji mikubwa tunayo tamthilia yetu iitwayo Isiolo, na huitazama vivyo hivyo: sehemu moja moja, kisha tukachoka.

Sehemu ya zamani kabisa ilianza Desemba 1963, hali ya hatari ilipotangazwa kaskazini. Vita vya shifta viliendelea hadi 1967. Wafugaji walikusanywa katika kambi kama za Garba Tulla, Merti na Modogashe, wakakatazwa kuhama na mifugo, na mifugo ikafa kwa maelfu. Waborana wa Isiolo wanauita wakati huo Daba, yaani kusimamishwa. Jamii nyingi zilizoingia kambini na ngamia zilitoka na fimbo. Jijini habari hiyo ilizimika mapema. Kule haikuzimika. Tarehe 21 Mei 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilimkabidhi Rais ripoti yake, na tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaomba msamaha mbele ya Bunge kwa maovu ya serikali zilizotangulia, akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10. Wako wazee waliokuwa wameingoja sehemu hiyo kwa miaka 50.

Sehemu nyingine ilianza kwa shangwe tarehe 2 Machi 2012, viongozi wa Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia walipozindua huko Lamu mradi wa LAPSSET: bandari, barabara, reli na bomba la mafuta, vyote vikipita Isiolo. Mji ulinadiwa kuwa jiji la starehe. Bei ya viwanja ikapanda kama moshi. Uwanja wa ndege ulijengwa upya, lami ya Moyale ikakamilika, na gati la kwanza la Lamu likafunguliwa Mei 2021. Lakini reli haijalazwa taruma hata moja katika kaunti hii, na jiji la starehe bado liko katika michoro. Mwenyeji wa Isiolo akisikia waziri anakuja kutoa hotuba juu ya mradi huo, huinua kichwa kidogo kisha huendelea kupima maziwa, kama wewe unavyoendelea kukunja nguo.

Halafu zipo sehemu zinazorudiwa: ukame, na wizi wa mifugo. Kati ya 2020 na 2023 mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo. Mara ya kwanza picha ya ng'ombe aliyekufa ilikutoa machozi. Mara ya tano je? Useme kweli. Mkono wako haukutafuta kile kidude cha kubadilishia stesheni?

Mbuzi wako yumo?

Jua likitua keti katika mkahawa wowote penye barabara kuu. Agiza chai ya maziwa ya ngamia na chapati, au nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kukaangwa ambayo husafiri miezi bila kuoza. Ukutani utakuta televisheni, na kwa saa ile huenda ikawa inaonyesha tamthilia ile ile uliyoiacha nyumbani. Tazama watu. Wako wanaoangalia kwa jicho moja, wako vijana walioinamia simu, kwani Isiolo si makumbusho. Nao wana vifurushi vya data na nao wanachoka na tamthilia kama wewe.

Lakini mwanamume akiingia kutoka njia ya Merti, vumbi likiwa bado kwenye kope zake, wazee watageuza viti. Katika Kisomali salamu yenyewe ni agizo la kutoa habari: "Warran!" Waborana huanza na "Nagaa", yaani amani, wakaulizana amani ya watu, ya mifugo, ya nyumbani na ya malisho, bila kuruka hata moja. Mgeni atasimulia: mvua imenyesha wapi, kisima gani kimekauka, mbuzi ni bei gani, nani amehamia wapi, njia ipi si salama. Atasimulia polepole. Hakuna muziki wa kutisha nyuma yake, na jambo lenyewe limekwisha semwa mara elfu katika mkahawa huo. Hakuna atakayepiga miayo.

Kwa nini? Hii ndiyo ile sababu ya nne niliyokuahidi. Mtu hachoki na habari ambayo ndani yake yumo mbuzi wake. Kila neno la mgeni yule litaamua mifugo iamkie wapi kesho. Tamthilia yako ilikuchosha kwa kuwa, hata ingekuwa tamu vipi, hukuwa na mbuzi mle. Yule bibi harusi akiachwa madhabahuni, kesho bei ya unga kwenu haibadiliki. Kwa hiyo usione haya hata kidogo. Kuizima ni haki yako, wala humdhulumu mtu, maana watu wake ni wa karatasi, nao waigizaji watapata mchezo mwingine.

Hatari iko kwingine. Mtu aliyezoea kutazama kila kitu kama tamthilia huanza kuchoka na watu wa kweli kwa njia ile ile. Anachoka na ukame kwa kuwa sehemu yake inafanana na ya mwaka jana. Anachoka na mjomba mgonjwa kwa kuwa ugonjwa hauishi. Hata mwenye nyumba akianza kusimulia mambo ya kazini, jamaa zake humsikiliza kwa sikio lililokwisha zimwa. Hawa si wa karatasi. Ukiwazima, wao hubaki gizani wakiendelea kuishi, kama George na Joy, kama wazee wa Daba.

Dawa yake si kujilazimisha kujali. Moyo haulazimishwi. Dawa ni ile aliyoipata yule mcheza kandanda bila kuitafuta: tia mbuzi wako mle. Yeye alicheza mpira na watoto kwa muda mfupi, na baada ya hapo habari zao zikawa zake.

Basi fanya hivi, kama jamii yako ina nafasi likizo ijayo. Nendeni Isiolo kwa siku mbili au tatu. Siku moja iwe ya Buffalo Springs au Shaba, ili watoto wapate twiga wao. Siku ya pili msiende popote. Kaeni mjini. Mama awasalimu wale akina mama wa maziwa, aulize ngamia anakamwa mara ngapi kwa siku na dumu huwa bei gani kiangazi kikizidi. Watoto wajifunze kusema "Nagaa" na "Warran", na wajue ni zipi za nani. Baba anunue bangili ya shaba na aulize jina la aliyemuuzia, na jina la kwao. Mwanafunzi aandike majina ya mahali katika daftari: Merti, Garba Tulla, Kinna, Oldonyiro, Modogashe. Msitoe mahubiri, wala msigawe peremende kwa watoto wa watu kama wanasiasa. Sikilizeni tu, na mkiulizwa habari za Nairobi, zitoeni kwa ukamilifu kama mlivyopewa zao.

Mkisharudi, jioni zenu zitakuwa na nafasi, kwa kuwa tamthilia mmeiacha. Siku moja, katika taarifa ya saa moja, msomaji atataja kwamba mvua imenyesha Merti, au kwamba haikunyesha. Zamani neno hilo lilipita nyumbani mwenu kama upepo katika wavu. Safari hii binti yako atainua kichwa kutoka katika simu aseme, "Mama, je, yule mama wa maziwa, ngamia wake wako upande huo?" Nawe utataka kujua jibu.